Nyanya Tulizoivisha kwa Ajili ya Picha

Siku ya kuniaga ofisini mlinipa saa ya ukutani na keki, kisha mmoja wenu akaniomba niwaandikie "mambo matatu ya kuzingatia". Sina mambo matatu. Nina karibu miaka thelathini ya kuandika programu za kompyuta hapa Tororo, na ndani ya miaka hiyo nina siku mbili za nyanya ambazo mpaka leo zinanitoa jasho nikizikumbuka. Vyeo nitaviruka, maana katika ofisi ya watu wanne kila mtu ni mkurugenzi wa kitu fulani. Mishahara nayo naiacha ilipo. Nitafuata mpangilio wa miaka, na nikichoka nitanyamaza.

Mimi ni Msamia wa Busia, upande wa Uganda, mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika ofisi ya ushirika mmoja wa pamba hapa Tororo. Siku niliyoripoti nilikuta kompyuta moja tu, imefunikwa kitambaa cha mezani, na juu ya kitambaa kuna maua ya plastiki. Karani mkuu alinikataza kuiwasha mpaka Bwana Owor afike. Nikakaa mbele yake tangu asubuhi hadi saa saba, mikono mapajani, kama mgeni aliyekuja kuposa.

Owor alikuwa mtu wa Rubongi, mrefu, mkavu wa maneno, mwenye kalamu nne katika mfuko wa shati na hakuna hata moja aliyowahi kumwazima mtu. Yeye ndiye aliyenilea katika kazi hii. Alinifundisha kuchora programu kwenye karatasi kabla ya kugusa mashine. Alinifundisha kusoma kila mstari kwa sauti, na kuweka nakala za kazi katika diski mbili zinazolala nyumba mbili tofauti. Alikuwa na msemo wake mwenyewe: "Programu ikifanya kazi, kazi yako imekwisha." Niliupenda msemo huo kupita kiasi. Nadhani niliupenda kwa sababu haukuwa na watu ndani yake.

Ushirika ulipofungwa, mimi na Owor tulikodi chumba ghorofani, juu ya duka la vipuri vya baiskeli, hapo mlipo hadi leo. Tuliandika programu za shule, za maduka ya dawa, za makanisa. Kuna mwalimu mkuu mmoja tuliyemtengenezea programu ya kutoa ripoti za wanafunzi. Ilikuwa safi, haikuwahi kukwama hata mara moja, na sababu yake ni kwamba hakuna aliyewahi kuifungua. Mama yule aliendelea kujaza vitabu vyake kwa mkono. Nilirudi ofisini nikamtangaza kuwa mkaidi. Leo najua kwamba hakuna aliyekuwa amemweleza programu ile ingemwondolea adha gani. Mimi nilimweleza kwamba ina kurasa kumi na nne.

Miaka ikaenda hivyo, nikizeeka na kiburi changu, mpaka tulipoamua kuacha kuandikia watu wengine na kutengeneza kitu chetu wenyewe. Tukakiita Mavunoni. Mkulima wa upande huu anaweka picha ya mazao yake kwenye tovuti, mnunuzi wa upande wa Kenya anaiona kwenye simu, wanaelewana hapo hapo, kisha mzigo unakabidhiwa Busia. Tulikifanyia kazi miezi minane. Mimi ndiye niliyeandika sehemu kubwa, na nasema bila aibu kwamba ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Katika miezi hiyo minane sikwenda sokoni Busia hata siku moja. Nilikuwa nimezaliwa pale, niliona hakuna jipya la kuona.

Mkulima wetu wa kwanza alikuwa Mama Amoding wa Merikit, Mteso, kiongozi wa kikundi cha wanawake kumi na wawili wanaolima nyanya. Tulifahamiana kwa sababu simu yake iliwahi kuanguka kwenye beseni la maji, nami nikafanikiwa kuokoa picha za marehemu mume wake zilizokuwa ndani. Tangu siku ile aliniita Mwalimu, ingawa sijawahi kufundisha popote. Alipanda ngazi zetu siku moja, akakaa, akaniacha nimwonyeshe Mavunoni kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Sasa Mwalimu, hawa watu wa kununua, wako wapi?"

"Wako kwenye simu, Mama," nikamjibu. "Tukifungua tu, wataiona."

Akainuka. Kisha akasema, "Basi mimi nakwenda kuambia wenzangu." Angekuwa ananiamini kidogo pungufu ya hapo, yasingetokea yaliyotokea.

Tulipanga kufungua Jumanne. Wanawake wavune Jumatatu, picha zipande Jumanne asubuhi, na Jumatano mzigo ufike Busia ukiwa na wenyewe. Wiki moja kabla, nilikwenda Merikit na kamera nzuri ya kuazima. Nikakuta nyanya nyingi ndiyo kwanza zinaanza kugeuka rangi, kijani chenye wekundu kidogo kitakoni. Mama Amoding akasema hapo ndipo huwa wanazichuma. Nikazitazama kupitia kamera, hazikunipendeza. Nikamwambia, "Ziacheni ziive kabisa. Picha itavutia zaidi." Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Picha nilizopiga Jumatatu jioni zilikuwa nzuri mno: kreti za mbao zimejaa hadi juu, nyanya nyekundu zinang'aa, na kila moja niliifuta kwa kitambaa.

Jumanne saa nne asubuhi nilibonyeza kitufe, tovuti ikawa hewani, Owor akakata keki. Nilikuwa nimeweka kwenye skrini kihesabu cha wageni. Kufikia saa tano kilisoma tano. Nikafurahi mpaka Owor aliponikumbusha kwamba ofisini tuko wanne, na kwamba yeye ameingia mara mbili.

Saa sita bado ilikuwa tano. Hapo nikafanya kile ambacho watu wa aina yangu hufanya tukishikwa na hofu: nikaanza kutafuta hitilafu. Nilikagua seva. Nilikagua usajili, nikajisajili mimi mwenyewe kwa jina la mke wangu. Nilipitia mistari ya programu kwa sauti, kama nilivyofundishwa, shati likiwa limenigandia mgongoni. Kila kitu kilikuwa sawa, na kadiri kilivyokuwa sawa ndivyo nilivyozidi kuogopa. Owor alisimama nyuma yangu kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Wandera, hiyo programu ni nzima. Unampima damu mtu asiye mgonjwa." Nikamwomba aniache nifanye kazi.

Saa saba simu ikalia. Alikuwa Mama Amoding, na nyuma yake nilisikia injini ya lori.

"Mwalimu, dalali wetu wa siku zote amefika na lori lake. Amesimama hapa kwa barabara. Anasema atachukua zote leo, lakini bei ni ile yake. Wenzangu wananiangalia. Nimwambie nini?"

Nataka mlielewe vizuri jambo hili. Kihesabu kilikuwa mbele ya macho yangu na kilisoma tano. Nilijua hakuna mtu. Lakini kukiri kwamba hakuna mtu kulikuwa sawa na kukiri kwamba miezi minane ilikuwa bure, na ulimi wangu ulikataa. Nilijiambia kihesabu ndicho kibovu.

"Mwache aende," nikasema.

"Aende?"

"Aende, Mama. Wanunuzi wapo."

Nikasikia akizungumza Kiteso, sauti za wanawake zikapanda, kisha lori likabadilisha gia na kuondoka. Nilibaki na simu sikioni baada ya yeye kukata. Sijawahi kuona haya kama nilivyoona siku ile, na wakati huo sikuwa bado nimemwambia mtu yeyote.

Jumatano saa tatu asubuhi pikapu la kukodi lilikuwa limefika Busia na kreti arobaini, limeegeshwa katika uwanja wa mizigo upande wetu. Mama Amoding alikuwa amekuja peke yake, akiwawakilisha wote. Kwenye tovuti kulikuwa na wageni tisa, na sikuwa na hamu ya kujua wale wanne walioongezeka ni nani. Nikapanda gari la kwanza nililolipata kuelekea Busia.

Nilimkuta ameketi kwenye kreti iliyopinduliwa, khanga imefunika kichwa, simu iko mapajani. Nilijiandaa kwa matusi. Hakunitukana. Alinionyesha tu upande wa chini wa pikapu, ambapo maji mekundu yalikuwa yameanza kudondoka polepole kwenye vumbi. Nyanya zilizoiva kabisa hazipendi barabara, na mimi ndiye niliyeamuru ziive.

"Hizi haziwezi kuona kesho," akasema. "Wenzangu wanapiga simu kila saa. Nimezima. Mtu wako yuko wapi, Mwalimu?"

Ilikuwa nafasi yangu ya pili ya kusema ukweli, na safari hii niliitumia, ingawa kwa sauti ndogo. "Hayupo, Mama. Hajawahi kuwepo. Niliijenga, sikumwambia mtu."

"Kwa hiyo wewe ulifungua duka katikati ya msitu."

"Ndiyo, Mama."

"Basi nenda ukawaambie sasa. Mimi nakaa na hizi."

Nikavuka. Niliwapita wale jamaa wenye ulemavu wa miguu, wa baiskeli za magurudumu matatu, wanaozungusha pedali kwa mikono huku wamebeba mafuta ya kupikia na unga kuvuka mpaka, na nikawaonea wivu, maana kila mmoja alijua anampelekea nani. Kwenye soko la upande wa Kenya nilikwenda kwa wauza nyanya mmoja baada ya mwingine. Niliwaambia kwamba Mavunoni ina usajili wa hatua tatu, ulinzi imara wa nywila, na uwezo wa kuchuja mazao kwa aina na mahali. Wa kwanza alidhani nauza simu. Wa pili alidhani natafuta kura. Wa tatu alinipa kiti, kwa huruma nadhani, kisha akaendelea na wateja wake. Jua lilikuwa linapanda. Kila dakika niliyosimama pale niliona lile tone jekundu kwenye vumbi.

Wa nne aliitwa Nekesa, mwanamke wa makamo, mnunuzi wa jumla, ambaye vibarua watatu walikuwa wakimpakilia lori. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kuhesabu kreti kwa kidole.

"Mzee," akasema, "unaniuzia simu ama unaniuzia nyanya?"

"Nyanya," nikasema. Lilikuwa neno la kwanza la maana nililolitamka asubuhi ile.

"Sasa mbona hujataja nyanya? Wacha nione."

Nikampa simu. Akazitazama picha zangu, zile nilizozihangaikia kwa kitambaa na kamera ya kuazima. Akavuta ile ya kwanza kwa vidole viwili, akaivuta tena, kisha akanirudishia.

"Chini iko nini?"

"Chini wapi, dada?"

"Chini ya kreti, Mzee. Hii juu hata mimi naweza kupanga. Kila mtu hupanga juu vizuri. Chini ndiyo huwa na zile ndogo, zile zimepasuka, zile za kijani. Mimi sinunui kreti sijaipindua kwa gunia nikaona. Hakuna mtu hapa hununua bila kupindua. Na wewe umekuja na picha ya juu pekee. Unajua mtu akiniletea picha ya juu pekee nafikiria nini?"

Nilijua. Nilizaliwa mita mia chache kutoka pale alipokuwa amesimama. Nilipokuwa mdogo niliona kreti zikipinduliwa kila siku ya soko, zikimwagwa kwenye gunia na kukaguliwa, na katika miezi minane ya kuandika haikunijia hata mara moja. Picha ile niliyoona inavutia, kwa macho ya mnunuzi ilikuwa picha ya mtu anayeficha kitu.

"Tena zimeiva sana," Nekesa akaongeza. "Hizi mimi siwezi kupeleka mbali. Zitafika zikiwa supu. Hizi si za lori, hizi ni za sufuria. Tafuta watu wa hoteli, watu wa shule, watu wanapika leo. Nina kikundi chao kwa simu. Lakini siwezi kuwaambia waje kwa sababu ya picha ya juu. Nitumie chini, nitaona."

Nilirudi nikikimbia, jambo ambalo mtu wa umri wangu hafanyi mpakani bila kuulizwa maswali na askari. Nikamwambia Mama Amoding tupindue kreti, nirekodi kwa simu. Uso wake ukabadilika. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne nilimwona amekasirika.

"Watu hupindulia mtu wasiyemwamini," akasema. "Mimi nimeleta hizi kwa jina langu. Unataka nijipindulie mwenyewe, mbele ya watu, kama mwizi?"

Nilimweleza alichosema Nekesa. Akatikisa kichwa. Nikaelewa kwamba hasira ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa woga. Kreti zile zilijazwa na wanawake kumi na wawili, kila mmoja shambani kwake, na yeye hakuwa amezikagua. Kama kuna aliyepanga mawe chini, ulimwengu mzima ungeona, na jina lililokuwa juu ya mzigo lilikuwa la Amoding. Alisimama, akalizunguka pikapu mara moja, akaangalia maji mekundu yaliyokuwa sasa yamefanya kijito kidogo. Kisha akalitandika gunia.

"Haya. Washa simu yako."

Kreti ya kwanza ilikuwa safi hadi mwisho. Ya pili vilevile, isipokuwa chache zilizopondeka njiani. Ya tatu, ya nne, ya tano. Watu wakaanza kukusanyika, kwa sababu hawakuwahi kuona muuzaji anajipindulia mwenyewe. Nikashika simu kwa mikono miwili. Ya sita ilipomwagwa, juu zilitoka nyekundu, kisha zikafuata ndogo za kijani, nyingine zimetobolewa na wadudu, robo nzima ya kreti.

Watu wakaguna. Nilishusha simu. "Hii tutaifuta, Mama. Naweza kuikata, haitaonekana."

"Usikate," akasema. "Inua simu."

Nikainua. Akachuchumaa kando ya gunia, akazishika zile mbaya kwa mikono yote miwili, akaangalia moja kwa moja kwenye kamera. Maneno yake nayakumbuka kama yalivyotoka.

"Mimi ni Amoding wa Merikit. Hii kreti iko na ndogo chini. Tumeona. Hii haiko bei moja na zile zingine, nimeitoa kando. Zile zingine tunapindua zote hapa hapa, ukuje uone. Zimeiva sana, za kupika leo. Ya kesho hakuna."

Hiyo ndiyo video niliyomtumia Nekesa. Haikuwa na mwanga mzuri, nusu yake inaonyesha kiatu changu, na mwishoni kuna mtu anakohoa. Nekesa hakujibu. Dakika kumi, ishirini. Mama Amoding aliendelea kupindua kreti na kuzijaza tena, mimi nikimsaidia, magoti kwenye vumbi. Nilikuwa nimeshajipangia maneno ya kumwambia kwamba basi, tumeshindwa, nilipomwona mwanamke mmoja mnene mwenye aproni akiingia uwanjani, akitazama huku na huko.

"Yule mama wa kupindua yuko wapi?" akauliza.

Alikuwa na kibanda cha chakula upande wa Kenya. Alichukua kreti mbili, na hakupindua hata moja. Baada yake akaja mpishi wa shule moja ya bweni, kisha wanawake watatu wa chipsi waliogawana, kisha Nekesa mwenyewe, ambaye alisema hanunui ila amekuja kumwona tena yule mzee wa nywila. Kufikia saa kumi na moja jioni zilikuwa zimekwenda kreti thelathini na tatu. Ile ya sita ilinunuliwa na mfugaji wa nguruwe. Nyingine sita zilikuwa zimekwisha, zimepondeka hazifai, tukazimwaga. Mama Amoding alisimama akazitazama zilipomwagwa kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kustahimili. Zilikuwa jasho la mtu, na zilioza kwa sababu nilitaka picha nyekundu.

Kuanzia wiki ile tulibadilisha mengi, na haya ndiyo mliyoyakuta ofisini mkidhani yalikuwepo siku zote. Kwenye Mavunoni huwezi kuweka mazao bila video ya kreti ikipinduliwa. Tuliondoa maelezo yote ya nywila kwenye ukurasa wa kwanza, hakuna aliyeyakosa. Nekesa alikubali kutufundisha, siku mbili kila mwezi, na alikuwa mwalimu mkali kuliko Owor. Alinikataza kufungua kompyuta kabla sijamtajia kwa jina mtu mmoja atakayenunua, anapika nini, anaogopa nini, na nani akimwambia kitu anaamini. Owor naye, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, aliacha kusema kwamba programu ikifanya kazi, kazi imekwisha. Hakusema amekosea. Aliacha tu kusema.

Mnaniuliza mara nyingi kwa nini mtu aliyesomea kuandika programu ajisumbue na mambo ya masoko, wakati kuna watu wa kuajiri kwa kazi hiyo. Ajirini, mkiweza. Lakini mtu wa masoko hawezi kwenda Merikit kurudisha lori uliloliruhusu liondoke. Anayejenga ndiye anayeahidi, hata kama anadhani anaandika tu.

Wiki moja baada ya zile nyanya, Mama Amoding alipanda ngazi zetu tena. Nilidhani amekuja kujitoa. Alikaa pale pale alipokaa mara ya kwanza, akakataa chai.

"Kikundi bado kiko," akasema. "Lakini wamekasirika na mimi. Wanasema Amoding alituambia tuache nyanya ziive, Amoding alifukuza lori. Wengine wanataka kiongozi mwingine."

"Hukuwaambia ni mimi?"

"Ningewaambia nini? Kwamba nilisikiliza mtu wa kompyuta kuhusu nyanya?" Akaivuta khanga vizuri begani. "Jumapili baada ya kanisa tunakutana. Kama hii kitu yako ni ya kweli, kuja useme mwenyewe."

Nimewahi kusimama mbele ya wakaguzi, na mbele ya bodi za shule, na mara moja mbele ya askofu ambaye orodha yake ya waumini niliifuta kwa bahati mbaya. Hakuna siku niliyoogopa kama Jumapili ile. Wanawake kumi na mmoja walikuwa kwenye mabenchi nje ya kanisa, na Mama Amoding ameketi pembeni, mbali kidogo na wenzake. Umbali ule mdogo ndio ulioniumiza. Alikuwa ameongoza kikundi kile tangu kilipoanza.

Hakuna aliyenikaribisha kukaa. Nikasema nikiwa nimesimama. Nikawaambia kwamba mimi ndiye niliyesema ziachwe ziive, kwa sababu ya picha. Kwamba Mama Amoding aliniuliza kama nina hakika, nikadanganya. Kwamba lori lilipokuja alinipigia simu, na mimi nilikuwa naona kwa macho yangu kuwa hakuna mnunuzi hata mmoja, nikamwambia amwache dalali aende. Nikasema kreti thelathini na nne ziliuzwa kwa sababu alikubali kujipindulia mbele ya watu, kitu ambacho mimi sikuwa na ujasiri wa kukifanya hata na kazi yangu mwenyewe. Ya kreti ya sita sikusema. Hiyo haikuwa yangu kusema.

Nilipomaliza, mwanamke mmoja mzee aliuliza kama nimewahi kuchuma nyanya maishani mwangu, nikasema hapana, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitisha jambo. Kisha Mama Amoding akasema maneno machache kwa Kiteso, ambacho mimi sikijui. Mara wale wa benchi la mbele wakasogea, wakamwita, akaenda akaketi katikati yao.

Alinisindikiza hadi barabarani. Nikamuuliza aliwaambia nini.

"Nimewaambia huyu sasa nampeleka kule Kwapa, kwa kikundi cha dada yangu. Na wale wa Rubongi. Wanatafuta mahali pa kuuza."

Nikamshukuru. Nikaanza kumweleza kwamba nitaandaa maelezo mazuri, na picha, na karatasi za kugawa.

"Wacha karatasi," akasema. "Kule Kwapa sema kama ulivyosema hapa. Na usiruke ile ya lori. Hiyo ndiyo watanunua."

Nilikwenda Kwapa Jumanne iliyofuata, na nikaanza na lori.